Nyeupe ya Jumamosi

“Nakuuliza swali la mtu mzima, unanijibu kama mtoto aliyevunja sahani,” alisema dada, mkono mmoja kiunoni, wa pili umeshika simu. “Jumamosi kuna radi au hakuna?”

“Nimekwambia sijui.”

“Hujui. Miaka kumi na moja unakalia kiti cha ile ofisi ya hali ya hewa, hujui.”

“Najua kwamba sijui. Si kitu kimoja.”

“Haya, vunja na kikombe basi.”

Mtabiri alimpa mgongo akaendelea kupaka siagi kwenye mkate. Alikuwa amesimama hapo jikoni tangu saa kumi na mbili kamili, na ugomvi ulianza saa kumi na mbili na dakika tano, dada alipoingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Dada alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo mitaa mitatu kutoka hapo. Kila asubuhi alipita kumchukua binti wa mdogo wake, kwa sababu mdogo wake huingia zamu saa moja. Huo ndio ulikuwa utaratibu wao. Kugombana nako kulikuwa utaratibu wao, ila leo dada hakuwa anagombana kwa kujifurahisha.

Jumamosi ilikuwa siku ya michezo ya shule. Watoto mia tatu na arobaini kwenye uwanja usio na hata kichaka, na mahema sita ya nguzo za chuma kwa ajili ya wazazi. Leo ilikuwa Jumatano. Saa nne asubuhi dada alikuwa na kikao na kamati ya wazazi, wapitishe ratiba, na mchana barua ziende nyumbani na watoto. Zikishaenda, zimeenda.

“Sitaki yale ya mwaka jana,” dada alisema.

“Usinikumbushe ya mwaka jana.”

“Nani akukumbushe kama si mimi? Ulinipigia simu Alhamisi, sauti inatetemeka, ‘Dada, ahirisha, Jumamosi hali ni mbaya.’ Nikaahirisha. Jumamosi yenyewe jua likawaka mpaka nikafua mapazia ya nyumba nzima, kufika saa sita yamekauka. Tukacheza wiki iliyofuata, rasharasha tangu asubuhi, watoto wanateleza kama wamepakwa sabuni. Mwenyekiti wa kamati akaenda chini na suti.”

“Suti ya kijivu,” binti aliongeza kutoka mezani, mdomo umejaa.

“Wewe funga viatu.”

Tangu siku ile mtaa mzima ulimwita Mtabiri Mama Radi. Muuza mboga alimwita hivyo, kinyozi alimwita hivyo, hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka nao, kisha akifika nyumbani anasugua sufuria mpaka linakaribia kutoboka.

“Halafu sielewi unachobisha,” dada aliendelea. “Nyinyi wenyewe mmeshasema. Hii hapa, nimeipiga picha jana.” Alimsogezea simu puani. “Soma.”

Ilikuwa ramani ya ofisi, ile ya siku za mbele. Jumamosi ilikuwa nyeupe tupu. Chini yake mstari mmoja: *Hatari ni ndogo.*

Mtabiri aliisoma mara mbili. Kisu cha siagi kilibaki hewani.

“Hii si yangu.”

“Ina nembo ya ofisi yenu.”

“Ramani ni yangu. Huo mstari si wangu. Mimi nisingeandika hivyo kwa Jumamosi hii. Kuna mtu kanibadilishia.”

“Sasa mimi nifuate lipi? La nembo au la jikoni?”

“Usipitishe kitu mpaka nikupigie.”

“Kikao ni saa nne. Saa nne na dakika moja mimi siko nawe tena, niko na mwenyekiti.” Dada alimshika binti mkono. “Twende, mama. Beba raba zako.”

“Mama mkubwa, mimi ndiye wa mwisho kwenye kupokezana,” binti alisema wakiwa mlangoni. “Wa mwisho ndiye anayemaliza.”

“Najua, mama. Fainali saa tisa. Utamaliza.”

Mtabiri alikumbuka kwamba amemwachia binti mkate mkavu na kuupaka siagi wa kwake mwenyewe pande mbili. Aliula hivyohivyo, akitembea.

Njia nzima alikuwa akimtukana kimoyomoyo mwenzake wa zamu ya usiku. Alimtukana kwenye kona ya duka la vipuri, akamtukana kwenye kivuko cha barabara, na alipofika kwenye geti la ofisi alikuwa ameshampangia maneno ya kumwambia, kwa mpangilio, la kwanza mpaka la mwisho. Mbingu juu yake ilikuwa safi, kama imepigwa deki. Hakuitazama. Mbingu ya Jumatano haisemi lolote kuhusu Jumamosi, na watu wote waliomwambia “mbona kweupe” walikuwa hawajui hilo.

Chumba cha watabiri kilikuwa na meza nne, feni moja na dirisha linaloangalia ua wa vipimo. Mwenzake wa usiku alikuwa anakunja sweta.

“Wewe ndiye uliyebadilisha Jumamosi?”

“Salamu kwanza.”

“Shikamoo, marahaba, za asubuhi, nzuri. Umebadilisha Jumamosi?”

“Sijaigusa. Mimi nimepambana na mvua ya usiku huu mpaka macho yamekuwa mekundu. Siku za mbele ni zenu wa asubuhi.” Aliingiza sweta kwenye mfuko. “Angalia kwenye daftari la mashine, kila kitu kina herufi za mtu.”

Akaangalia. Alikaa bila kuvua mkoba, akafungua orodha ya jana, akateremka mpaka kwenye mstari wa Jumamosi.

Saa tano na dakika tatu asubuhi. *Hatari ni ndogo.* Na pembeni, herufi mbili za jina lake.

Mwenzake wa usiku alikuwa ameshatoka. Maneno yote aliyompangia yalibaki kinywani bila mwenyewe.

Kanuni ya ofisi ilikuwa hivi. Kwa siku ya nne mpaka ya nane, mtabiri haandiki mvua wala jua. Anaandika tu kama kuna nafasi ya dhoruba kali ya radi, yenye upepo wa kung’oa mabati au mvua ya mawe. Nafasi ikifika kumi na tano katika mia, anachora eneo na kulipaka rangi ya njano. Isipofika, anaacha nyeupe. Ila nyeupe haiendi tupu. Kuna kisanduku chini ya ramani, na ndani yake mistari miwili ya kuchagua. Wa kwanza unasema hatari ni ndogo, yaani tumeangalia, hakuna kitu. Wa pili unasema uhakika ni mdogo, yaani tumeangalia, mahesabu yanagombana, hatuwezi kukuambia. Ni nyeupe ileile, lakini moja ni ya mtu aliyepekua chumba na kukikuta kitupu, nyingine ni ya mtu aliyesimama mlangoni gizani.

Kisanduku kikifunguka, mstari wa kwanza tayari umeshajichagua wenyewe. Ukiutaka wa pili, lazima ukifungue na kuuteremsha.

Hakuuteremsha. Sasa alikumbuka. Saa tano na dakika tatu fundi viatu alikuwa amepiga simu kuuliza soli ya raba za binti ishonwe au igundishwe. Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega. “Shona,” alikuwa amesema, “Jumamosi anakimbia,” na kidole kikabonyeza.

Alisimama. Akaenda dirishani, akarudi. Akamimina chai, akaiacha. Akakaa, akasimama tena.

“Una siafu kwenye kiti?” aliuliza Bi Mpimaji, aliyekuwa anaingia na daftari lake kutoka uani. Alikuwa mama mtu mzima mwenye kofia ya kitambaa, aliyesoma vipimo vya mvua na joto kila asubuhi kwa miaka mingi kuliko umri wa jengo.

“Nimekosea, Bi.”

“Nani hakosei? Nyinyi mnapima mvua ambayo haijanyesha. Mimi napima iliyokwisha kunyesha, na bado kuna siku namwaga kabla sijasoma.” Alivua kofia. “Umekosea nini?”

Mtabiri akamwonyesha. Bi Mpimaji aliinama kwenye kioo, miwani puani.

“Sasa hii ina ajabu gani? Wote huacha hivyo.”

“Wote nani?”

“Nyinyi wote. Mimi ndiye ninayebandika ile karatasi kwenye ubao wa mlangoni kila siku. Sikumbuki lini nilibandika ule mwingine.”

Mtabiri alirudi kwenye orodha akaanza kurudi nyuma, siku baada ya siku. Siku tisini. Mstari wa pili aliukuta mara nne. Herufi zilikuwa za kila mtu, pamoja na za Mkuu wa Zamu. Kila mmoja aliacha kidole kidondoke kwenye mstari uliokuwa karibu, na watu wote huko nje, pamoja na dada yake mwenyewe aliyeenda chuo, waliisoma nyeupe kama neno la heri.

Saa mbili na nusu mahesabu mapya yakaingia.

Kompyuta kubwa, iliyo mbali na ofisi ile, huhesabu anga ya siku za mbele mara hamsini. Kila mara huanza na tofauti ndogo, joto likiwa nusu nyuzi juu au upepo ukisogea upande. Ofisini hesabu hizo hamsini huitwa watoto. Wote ni wa mama mmoja na wote wametumwa njia moja. Kazi ya mtabiri kila asubuhi ni kuhesabu wangapi wamerudi wamelowa. Jana walikuwa sita. Hiyo ilimtosha kujua kwamba hapaswi kusema hakuna kitu.

Leo alihesabu kwa kalamu mezani, mmoja mmoja. Ishirini na tisa walikuwa wakavu kabisa. Kumi na wanne walikuwa na mawingu ya kawaida. Saba walikuwa wamelowa, na si kulowa kwa kawaida. Saba hao walionyesha Jumamosi alasiri, kati ya saa nane na saa kumi na moja, unyevu umejaa chini, hewa baridi imekaa juu yake, na upepo unaogeuka jinsi unavyopanda. Watoto saba waliorudi wamechaniwa nguo.

Saba katika hamsini ni kumi na nne katika mia. Pungufu ya moja.

Akahesabu tena. Saba. Ila kulikuwa na mmoja, namba thelathini na tatu, ambaye dhoruba yake ilipita kando kidogo ya mji, upande wa pili wa mto. Ukimwangalia kwa huruma, kalowa. Akihesabiwa huyo wanakuwa wanane, wanane ni kumi na sita, na kumi na sita ni njano. Ramani mpya ikitoka na njano, ya jana itafunikwa. Hakuna atakayeuliza nani aliandika nini saa tano na dakika tatu. Na dada atahamisha michezo.

Kalamu ilikaa juu ya thelathini na tatu. Aliijua hiyo kalamu. Mwaka jana ilikaa hivyohivyo juu ya mtoto mwingine, wiki ambayo binti yake alikuwa anakimbia kwa mara ya kwanza, na akamhesabu. Hakumwambia mtu. Mtaa ulidhani Mama Radi alikosea mahesabu. Hakukosea mahesabu. Alihesabu kama mama.

Akaweka kalamu chini. Namba thelathini na tatu alikuwa mkavu.

Basi njano hapana. Lakini ule mstari ulikuwa bado unatembea mitaani na herufi zake, na saa ilikuwa tatu na dakika kumi.

Mkuu wa Zamu alikuwa na kijichumba cha vioo mwisho wa korido. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kikombe kisichoondoka mkononi. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi.

“Kwa hiyo unataka kutoa masahihisho,” alisema.

“Ndiyo, Mkuu. Ramani ibaki nyeupe, mstari ubadilike.”

“Saa tano inatoka mpya. Iandike sawasawa, jana itajifia yenyewe.”

“Saa tano ni kuchelewa. Kuna mtu ana kikao saa nne na ile ya jana mkononi.”

“Mtu mmoja.”

“Mmoja ninayemjua.”

Mkuu alikunywa chai, ingawa kikombe kilionekana kitupu. “Mama, nikwambie kitu. Tumehangaika miaka mpaka magazeti yakaacha kutuita wapiga ramli. Tumewazoesha watu polepole kwamba siku ya nne si siku ya kesho. Sasa wewe unatoa karatasi, juu yake imeandikwa MASAHIHISHO kwa wino mwekundu, inahusu Jumamosi. Nani atasoma yaliyo chini? Wataona nyekundu. Mchana kila redio itasema ofisi imetangaza dhoruba. Jumamosi jua likiwaka, atakayechekwa ni nani?”

“Mimi. Nimezoea.”

“Sisi wote. Na tena, ukisahihisha huu mmoja, mtu ataangalia na mingine. Utatuvua nguo wote mchana kweupe.”

Hapo Mkuu akawa amesema kile kilichokuwa kinamkera. Wote wawili walikijua.

“Nimeangalia, Mkuu. Siku tisini. Na herufi zako zimo.”

“Najua zimo.” Hakukasirika, na hilo lilimsumbua Mtabiri zaidi. “Kanuni haikuzuii. Aliyekosea anaweza kusahihisha la kwake mpaka mpya itoke, kwa herufi zake peke yake, bila ruhusa yangu. Sitakushika mkono. Lakini ripoti ya mwaka naandika mimi, na mwaka jana niliandika kwamba unatisha watu. Nikiandika mara ya pili, unajua kinachofuata. Watakutoa mezani. Watakupeleka kule chini kwenye makabrasha, ukapange karatasi za mvua ya enzi za babu.”

“Bi Mpimaji anasema kule chini kuna baridi nzuri.”

“Bi Mpimaji hajawahi kukaa huko.”

Alirudi kwenye meza yake. Saa tatu na dakika ishirini na tano. Meza hii aliipenda. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu ni meza mbovu, droo moja haifunguki mpaka uipige teke. Lakini ndiyo meza pekee katika jengo zima ambapo mtu hukaa asubuhi na kujaribu kuona siku tano mbele. Kwingine kote ni kuandika yaliyokwisha pita.

Alimfikiria mwenyekiti wa suti ya kijivu. Alimfikiria mtu wa redio. Alizifikiria nguzo sita za chuma zikisimama katikati ya uwanja saa tisa alasiri, na wazazi wakikimbilia chini yake mvua ikianza, kwa sababu hemani ndiko mtu anakokimbilia. Halafu akazifikiria nguzo hizohizo jua likiwaka, watu wanakula karanga, wanamnyooshea kidole. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa na nafasi kubwa. Themanini na sita katika mia. Angekuwa mtu wa kubahatisha angekaa kimya, na mara nyingi zaidi angekuwa ameshinda.

Saa tatu na dakika thelathini na tisa. Simu yake ikatoa mlio. Ujumbe wa dada: *Nachapisha ratiba. Fainali saa tisa. Umekaa kimya, nimeelewa ni salama.*

Alisoma “umekaa kimya, nimeelewa ni salama” mara mbili. Kumbe hata yeye mwenyewe ni nyeupe. Ofisini anaacha nyeupe, nyumbani anakaa kimya, na dada anajaza mwenyewe.

Akavuta kiti. Akafungua ya jana. Akabonyeza neno *sahihisha*, na kisanduku chekundu kikafunguka. Akateremsha mstari wa pili, safari hii kwa kidole kilichojua kinachofanya. Chini yake palikuwa na nafasi ya maelezo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuijaza. Akaandika:

*Jana niliandika kwamba hatari ya dhoruba kali Jumamosi ni ndogo. Nilikosea mstari. Sahihi ni kwamba hatujui. Hesabu nyingi zinaonyesha siku ya kawaida. Hesabu saba katika hamsini zinaonyesha dhoruba kali ya radi kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri. Hili si onyo. Mwenye shughuli ya nje aiweke asubuhi kama anaweza, na ajue mapema ataingiza watu jengo gani. Tutajua zaidi Ijumaa.*

Akaweka herufi zake mbili. Alisoma mara moja, akafuta neno “samahani” alilokuwa ameliweka mwisho, kwa sababu halimsaidii mtu kukunja hema. Saa tatu na dakika hamsini na mbili. Akatuma.

Mashine ikatoa karatasi kwenye kona. Bi Mpimaji akaichukua, akaisoma akiwa amesimama, akatafuta pini.

“Hii inabandikwa juu ya ile ya jana au pembeni?”

“Juu yake.”

“Haya.”

Mtabiri alikuwa ameshampigia dada. Simu iliita mara tano. Ilipopokelewa, alisikia viatu vya dada kwenye sakafu ya korido, ko, ko, ko, na watoto wakiimba majedwali ya kuzidisha mahali fulani nyuma yake.

“Sema haraka, niko mlangoni.”

“Mstari ule ni mimi niliyeuandika. Nimekosea. Nimeusahihisha sasa hivi.”

Viatu vikasimama.

“Wewe? Si ulisema kuna mtu kakubadilishia?”

“Hakuna mtu. Ni mimi. Nilikuwa naongea na fundi viatu.”

“Ehee!” Dada alivuta pumzi ndefu, na Mtabiri akajiandaa, kwa sababu pumzi ya namna hiyo kwa kawaida hubeba yote tangu utotoni. Lakini dada akaitoa polepole. “Kwa hiyo radi ipo.”

“Sijui, dada. Sikiliza vizuri sijui yangu safari hii. Kwa hali nyingi, haipo. Ikiwepo, ni mbaya, na itakuja alasiri, si asubuhi. Usihamishe siku.”

“Nisihamishe?”

“Hamisha saa. Fainali zako za saa tisa zipeleke saa nne. Anza saa mbili badala ya saa nne. Saa saba uwanja uwe mtupu. Na madarasa yote yawe wazi, funguo ziwe mfukoni mwako, usimwachie mlinzi. Ukisikia ngurumo hata ya mbali, watu waingie ndani. Wasiingie chini ya hema. Mwambie mwenyekiti hivyo, hema si ndani.”

“Na jua likiwaka mpaka jioni?”

“Watakuwa wamerudi nyumbani mapema wakapumzika. Utawaomba radhi kwa hilo?”

Dada akacheka kwa pua, kicheko cha kushindwa bila kukubali. “Saa mbili. Unajua kuwaamsha wazazi Jumamosi saa mbili? Bora unipe radi.”

“Dada.”

“Nimesikia. Usinikatie.”

Mlango ukafunguka upande ule. Viti vikakwaruza, watu wakasalimia. Mtabiri alikuwa amesimama katikati ya chumba, simu imegandamizwa sikioni, mkono wa pili umeshika ukingo wa meza.

“Habari zenu wazazi,” alisikia sauti ya dada, ile ya shuleni, isiyobishiwa. “Kabla hatujaanza. Karatasi mliyopewa ina saa. Chukueni kalamu. Futeni saa nne, andikeni saa mbili. Ndiyo, mwenyekiti, za asubuhi. Hapana, sitanii. Kaa kwanza, nitaeleza. Na barua zile za watoto, mwalimu, zirudishe zichapwe upya.”

Kalamu zikasikika, au alidhani amezisikia. Kisha kishindo cha kiti, na sauti ya mwanamume ikianza, “Huyo si yule mdogo wako wa mwaka jana…”

Simu ya mezani ikalia.

Mkuu wa Zamu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, karatasi ya masahihisho mkononi. Aliielekezea simu kwa kidevu tu.

“Redio hao,” alisema baadaye, ilipolia mara ya tatu. “Ni wako.”

Mtabiri akamwacha dada na mwenyekiti wake, akaiweka simu yake mfukoni, akanyanyua ya mezani.

“Ofisi ya hali ya hewa,” alisema. “Ndiyo. Ni mimi mwenyewe niliyekosea. Una kalamu? Andika, nitakusomea neno kwa neno, na usiongeze kitu.”